Deni la Mwenye Mbwa

Katika nyumba moja ya mtaa wa Mangobo, mjini Kisangani, mbwa jike alizaa watoto sita usiku wa mvua, chini ya kuni zilizopangwa nyuma ya jiko. Asubuhi watoto wa nyumba walipowaona walishangilia. Baba yao hakushangilia. Alihesabu midomo, akakumbuka bei ya mihogo sokoni, akamwambia mwanawe mkubwa, “Watie katika gunia uwapeleke mtoni, kabla hawajafumbua macho. Mama yao mwachie mmoja.” Kijana akajibu kwa heshima, “Ndiyo, baba, nitakwenda. Lakini unieleze kwanza: ni vibaya, ama si vibaya?” Baba akanyamaza. Gunia likabaki mlangoni hata jioni.

Jambo kama hili hutokea katika nyumba nyingi, mijini na vijijini, wala swali la kijana si la kitoto. Je, mtu ana wajibu wowote kwa kiumbe asiyeweza kudai haki yake wala kushukuru?

Wako wasemao: mbwa ni mbwa, hana akili, mwenye mali hufanya na mali yake apendavyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, naye alikiri kwamba mnyama hana akili kama mtu. Hata hivyo alifundisha kwamba anayezoea ukatili kwa wanyama huishia kuwa mkatili kwa watu. Neno hili ni kweli, na kila mwalimu wa shule amepata kuona mtoto apigaye mbwa mawe leo na kumpiga mdogo wake kesho. Lakini halitoshi. Kama ubaya wote ni hatari ya kumzoeza mtu tabia mbaya, basi afanyaye tendo hilo mara moja tu, gizani, asionekane, angekuwa hana kosa. Dhamiri ya kijana yule haikukubali hivyo.

Jibu lenye nguvu zaidi latoka katika mbwa mwenyewe, na jinsi alivyofika nyumbani. Mbwa wa asili wa misitu ya Kongo, yule mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja mgongoni, habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti yake ya pekee, kama mtu aimbaye kooni. Kwa hiyo wawindaji humvika shingoni kengele ya mti, wapate kumsikia aliko vichakani anapowafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. (Wazungu waliowapeleka Uingereza mwaka 1895 waliona mbwa wao wakifa kwa maradhi, walifaulu katika miaka ya 1930. Wakamwita Basenji, jina lenye asili moja na lile neno la dharau, washenzi. Leo huko ng'ambo hununuliwa kwa fedha nyingi!) Tangu zamani za kale mtu amemtoa mbwa mwituni, akamzoeza kungojea mkono wake. Mnyama wa porini hujichimbia shimo kavu la kuzalia. Mbwa wa nyumbani hana shimo ila pembe anayoachiwa na mwenye nyumba. Basi aliyekula nyama ya mawindo, au aliyelala usingizi kwa kuwa mbwa alikesha mlangoni, hawezi kusema kwamba tumbo la mbwa huyo halimhusu. Deni lake lilianza zamani, siyo usiku ule wa mvua.

Na tazama jinsi mdai huyu alivyo dhaifu. Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14 hivi, na masikio karibu na wakati huo. Hata joto la mwili wake hawezi kulitunza: akiachwa peke yake juu ya udongo wenye unyevu hupoa, na akiisha kupoa hawezi kunyonya vema wala kusaga maziwa tumboni. Hata haja ndogo hawezi kuitoa mwenyewe. Mama humlamba tumboni, ndipo itoke. Kiumbe wa namna hii hana njia ya kujiokoa. Uhai wake wote u mikononi mwa mama yake, na mama yake yu mikononi mwa mwenye nyumba.

“Lakini,” watu watasema, “watoto wetu wenyewe hawashibi!” Neno hili ni zito, wala lisidharauliwe. Palipo mtoto mwenye njaa, samaki ni wa mtoto, si wa mbwa. Katekisimu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1992 yafundisha mambo mawili pamoja: kwamba watu wawiwa wema kwa wanyama, na ni kinyume cha heshima ya mtu kuwatesa au kuwaua bure, tena kwamba haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo zingepasa kwanza kuondoa taabu za watu. Hata hivyo, udhuru wa njaa hutolewa mara nyingi na watu waliokwisha kula. Kwa muda wa majuma matatu ya kwanza watoto wa mbwa hawahitaji chakula chochote ila maziwa ya mama. Mama ndiye alishwe: atakula mara mbili hata mara tatu ya kawaida yake, na maji safi yasikose. Makombo ya lituma, mchuzi wa vichwa vya samaki, matumbo ya kuku yaliyopikwa, hivyo vyamfaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe, kwa kuwa huvunjika kama miiba.

Mengine yataka uangalifu kuliko fedha. Pawe pahali pakavu, pasipo upepo, na katika nchi yenye mvua kama ya Kisangani pawe juu kidogo ya ardhi. Kila mtoto anyonye siku ile ile ya kuzaliwa, kwa maana maziwa yale ya kwanza yana kinga ya maradhi, na baada ya siku moja mwili wake hauipokei tena. Majirani wasiruhusiwe kuja kuwashikashika. Mama akisumbuliwa huwahamisha, na pengine huwaua mwenyewe. Aliyepoa apashwe joto kwanza, kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa nguo, ndipo apewe maziwa, naye awe amelala kifudifudi, asije akapaliwa. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi kuliko ya mbwa, kwa hiyo hayamtoshi kwa siku nyingi. Kuanzia juma la nne aonjeshwe uji laini, na asitengwe na mama yake kabla ya juma la nane.

Basi, na lile gunia? Watu hudhani mtoni ni kifo chepesi. Sivyo: mtoto mchanga wa mnyama hustahimili kukosa pumzi kwa muda mrefu kuliko mkubwa, naye huteseka ndani ya maji. Kuwatupa jalalani sokoni ni kubaya zaidi, kwani huongeza mateso ya njaa, na yule atakayepona atakuwa mbwa asiye na mtu, asiyechanjwa. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili, karibu hakuna apataye kupona, ijapokuwa chanjo imejulikana tangu Louis Pasteur alipomtibu mtoto mmoja mwaka 1885. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Iwapo mtoto wa mbwa amezaliwa na kilema kisichoponyeka na anakufa kwa taabu, kumwua upesi kwa mkono wa mganga wa mifugo si ukatili. Lakini wale sita walikuwa wazima. Kama mwenye mbwa aliogopa midomo sita, wakati wa kuogopa ulikuwa yapata siku 63 nyuma, alipomwacha jike wake azurure mtaani siku za joto lake.

Jioni ile baba alilichukua gunia, akalikung'uta, akalitandika chini ya kuni. Hakusema neno. Mmoja wa wale sita alikufa siku ya tatu, watano wakakua. Katika juma la tisa watu walianza kuja kuwaomba, naye akamwuliza kila mmoja atamlisha nini, na kama atampeleka kuchanjwa akitimiza miezi mitatu. Mwindaji mmoja kutoka njia ya Bafwasende alipewa wawili. Kijana mmoja wa mtaani, aliyecheka aliposikia maswali hayo, alirudi mikono mitupu.