Mashine Ilimpitisha

Mwaka 1986 Aldrich Ames, ofisa wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, alijua kwamba siku yoyote angepimwa kwa mashine ya uongo, na aliogopa. Tangu Aprili 1985 alikuwa akiwauzia Wasovieti majina ya watu wao waliokuwa wakiifanyia Marekani kazi kwa siri. Akawauliza waliokuwa wakimlipa: nifanyeje? Hawakumpa dawa wala mbinu ya ajabu. Walimwambia alale vizuri, awe mtulivu, amchangamkie anayempima. Akapita. Mwaka 1991 akapimwa tena. Mara ya kwanza kulikuwa na shaka, akarudishwa baada ya siku chache, akapita.

Ukiijua mashine yenyewe hutashangaa sana. Mtu huvishwa mkanda wa presha mkononi, mipira ya kupima pumzi kifuani na tumboni, na vibati vya kupima jasho vidoleni. Basi. Uongo hauna alama yake ya pekee mwilini. Mtu mkweli mwenye woga moyo humwenda mbio, na mwongo aliyelala vizuri hukaa raha mustarehe. Ndiyo maana mwaka 2003 jopo la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilisema kipimo hicho hakifai kutegemewa kuwachuja wafanyakazi wa idara za usalama.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni yale yaliyokuwa wazi kwa kila mtu. Mshahara wa Ames haukufika dola 70,000 kwa mwaka, naye mwaka 1989 alinunua nyumba Arlington kwa dola 540,000, taslimu. Akawa anaingia kazini na gari aina ya Jaguar. Suti zikabadilika. Hata meno yaliyoharibiwa na sigara yakatengenezwa. Mlevi pia alikuwa, na hilo lilijulikana. Akiulizwa, fedha ni za wakwe zake, matajiri wa Colombia. Mfanyakazi mwenzake aliyeifahamu familia ile alitoa taarifa mwaka huohuo kwamba hesabu haiingii akilini. Uchunguzi ukaanza, ukasuasua. Aliyepewa kazi hiyo akapelekwa mafunzoni.

Tusiwacheke watu wa CIA. Mimi na wewe tukiambiwa kipimo kimemsafisha fulani, tunaona hata haya kumuuliza gari kalitoa wapi. Ndugu msomaji, kama una duka, chama cha akiba au ofisi, uliza tu. Omba risiti, linganisha vitabu, msikilize mhudumu anayesema kuna jambo haliko sawa.

Ames hakunaswa na mashine. Mwaka 1992 Sandy Grimes, ofisa wa CIA, alizipanga tarehe za Ames kula chakula cha mchana na mwanadiplomasia wa Kisovieti kando ya tarehe za kuweka fedha benki. Mei 17, 1985, chakula. Mei 18, dola 9,000. Karatasi za benki zilikuwapo miaka saba. Alipokamatwa Februari 1994, watu wasiopungua kumi aliowataja walikuwa wameshauawa.

Na baada ya hapo? CIA ikazidi kuitegemea mashine ileile, na wafanyakazi ambao hawakuthibitishwa kuwa na kosa lolote wakakwama kazini miaka mingi kwa sababu ya mioyo yao kudunda.