Mwanafunzi Ataweza

Fishi ya matayarisho ni miongoni mwa karatasi za kwanza ambazo mwanafunzi wa pedagojia nchini Kongo hufundishwa kuziandika. Juu huwekwa tarehe, darasa, kichwa cha somo na zana zitakazotumika. Chini hufuata hatua kwa mpangilio wake: kurudia somo lililopita, kuamsha hamu, kutangaza somo jipya, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Kabla ya hatua hizo kuna mstari wa lengo, nao huanza kwa maneno yaleyale, iwe Sake au Walikale, katika Kivu Kaskazini: mwishoni mwa somo, mwanafunzi ataweza. Ataweza kujumlisha, ataweza kutaja sehemu za mmea, ataweza kusoma sentensi. Anayeandika mstari huo mara nyingi ni kijana wa miaka 17 au 18, na anachoandika, ajue asijue, ni ahadi juu ya akili ya mtu mwingine.

Matayarisho ya mwalimu wa shule ya msingi hufanyika katika sekondari, kwenye sehemu ya pedagojia, kwa miaka 4 baada ya mwaka wa nane wa elimu ya msingi. Mwanafunzi husoma saikolojia ya mtoto na njia za kufundishia, kisha hupelekwa staji mbele ya watoto halisi, huku mwalimu wake na wenzake wameketi nyuma ya darasa na kalamu mkononi. Somo likiisha huja ukosoaji: sauti ilikuwa chini, ubao haukugawanywa vizuri, muda ulipita. Akifaulu mtihani wa taifa hupata Diploma ya Serikali, na kwenye orodha za mishahara daraja lake huandikwa D6. Anayetaka kufundisha sekondari huendelea katika chuo cha juu cha pedagojia, ISP, kwa mfano Goma au Bukavu. Ukosoaji huo una faida kubwa, ila haugusi mstari wa lengo. Hakuna anayeuliza kama ile ahadi ilikuwa ya kutolewa na binadamu.

Swali hilo lina umri mrefu, na aliyelichimba zaidi ni Mwafrika. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika karibu mwaka 389 kitabu kifupi kiitwacho Kuhusu Mwalimu. Ni mazungumzo kati yake na mwanawe Adeodatus, kijana wa miaka kama 16, ambaye angetosha kabisa kukaa kwenye benchi la pedagojia. Hoja ya Agostino ni kwamba maneno ni alama tu. Asiyekijua kitu chenyewe hawezi kukijua kwa kusikia jina lake; na anayekijua hafundishwi na neno, anakumbushwa. Basi mwalimu wa nje hugonga tu, na anayefungua ni Mwalimu wa ndani, ambaye kwa Agostino ni Kristo mwenyewe. Karne nyingi baadaye Thomas Aquinas aliipunguza makali hoja hiyo. Mwalimu, alisema, hufundisha kweli, lakini kwa namna ambayo daktari huponya: mwili ndio unaopona, dawa inausaidia.

Mfugaji wa Masisi angelielewa jambo hili bila kitabu. Anaweza kumpeleka ng'ombe kwenye malisho mazuri ya Bashali, akamlinda, akamngoja. Kucheua ni kazi ya ng'ombe. Kwa mtazamo huo, mstari wa lengo unasema zaidi ya uwezo wa anayeuandika. Anachoweza kuahidi kwa haki ni kuwapo, kuchagua alama zinazofaa, na kuwa na subira.

Hata hilo la alama si dogo huku. Mtoto wa Masisi huingia shuleni na Kihunde au Kinyarwanda, wa Walikale na Kinyanga au Kikumu, na wengi wana Kiswahili cha sokoni. Fishi imeandikwa kwa Kifaransa. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, na sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 imeziachia lugha za taifa na za mahali nafasi darasani. Lakini mwanafunzi wa pedagojia amefunzwa kwa Kifaransa, hukosolewa kwa Kifaransa, na huogopa kukosea Kifaransa. Ndipo Agostino anapopata ushahidi ambao hakuutafuta: darasa zima linarudia kwa sauti moja sentensi safi ya lugha ngeni, lengo linaonekana limetimia, na hakuna aliyejifunza kitu isipokuwa sauti. Mwalimu mchanga anayegeuka ghafla na kueleza kwa Kiswahili huenda akapunguziwa alama. Amefundisha, hata hivyo.

Upande wa pili wa ahadi ni wa riziki, na hapa dini imeingia kwa mlango mwingine. Shule za umma za Masisi na Walikale kwa sehemu kubwa husimamiwa na makanisa. Serikali ya Mobutu ilizitaifisha mwaka 1974, kisha kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi, huku mishahara ikibaki juu ya dola. Kwa hiyo kijana anayejitayarisha husikia neno wito tangu siku ya kwanza. Neno mwalimu lenyewe lilitoka Kiarabu kupitia pwani, likimaanisha mfundisha Kurani. Katika vijiji vingi vya Kivu bado ni jina la katekista pia. Kusema ualimu ni wito, basi, si pambo la hotuba. Ni historia.

Maandiko hayatoi jibu moja kuhusu ujira. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihesabu miongoni mwa wajibu wa mwalimu kutodai malipo, kwa kumfuata Mtume. Sokrate alijitenga na wale waliouza hekima Athene. Paulo alishona mahema Korintho ili asiwe mzigo kwa mtu, lakini waraka wa kwanza kwa Timotheo unadai ujira kwa wale wanaofanya kazi ya kufundisha. Yakobo naye anaonya kwamba wasitake wengi kuwa walimu, kwa kuwa hukumu yao ni kali zaidi; hapo hasemi lolote la mshahara wa walimu.

Ni kosa kulijibu swali hili kana kwamba mwalimu wa Masisi anaamua yeye mwenyewe kutolipwa kama Sokrate. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 dola iliacha kulipa inavyostahili, na wazazi wakabebeshwa mzigo uliokuja kuitwa prime. Tangu hapo mstari wa lengo ukapata sharti lisiloandikwa: mwanafunzi ataweza, kama baba yake amelipa. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya prime alifundishwa siku hiyo somo ambalo halikuwa kwenye fishi yoyote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kiliahidi elimu ya msingi bila malipo katika shule za umma, na utekelezaji ukaanza Septemba 2019. Wazazi wakapumua. Lakini kuna mwalimu anayefundisha na kuna mwalimu aliyemekanizwa, yaani aliyeingizwa kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa kwa namba yake ya matrikule. Wasioingizwa huitwa N.U. (nouvelles unités), na mtu anaweza kubaki N.U. miaka mingi. Ameitwa na Mungu, ameitwa na kijiji, orodha haijamwita. Wito unapotumiwa kumnyamazisha mtu wa aina hii, si teolojia tena. Ni njia ya kuahirisha deni.

Naye hana haja ya kufikiri sana ili aone pa kwenda. Rubaya kuna koltani. Bisie, katika msitu wa Walikale, kasiterite ilivuta maelfu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami huko Kilambo kuichukua. Mwalimu anayelima au kuchimba wakati wa likizo anafanana na Paulo na mahema yake. Anayeacha darasa katikati ya muhula ni shauri jingine, kwa maana kile kidogo alichoweza kuahidi, yaani kuwapo, amekivunja. Lawama yake, hata hivyo, ni haki igawanywe kati yake na dola iliyovunja ahadi kabla yake.

Kuwapo kuna gharama nyingine. Machafuko yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993, yalifika Masisi na kuwagawa watu kwa makabila; Machi 2025 Walikale-kati yenyewe iliingiwa na waasi wa M23, waliotoka wiki chache baadaye. Katika mazingira hayo daftari la kuita majina si karatasi ya ofisi tu. Majina hutambulisha kabila, na mwalimu huyasoma kwa sauti kila asubuhi mbele ya wote. Akikaza sauti kwa baadhi na kuilegeza kwa wengine, watoto husikia kabla ya yeye mwenyewe kujisikia. Saikolojia ya mtoto aliyoisoma haina sura ya jambo hili, wala ukosoaji wa staji hauna nafasi yake, ingawa pengine hapa ndipo matayarisho yangepaswa kuanzia.

Baadhi ya majina hayaitikiwi. Mmoja amekwenda mgodini na kaka yake, mwingine familia imekimbilia Goma, wa tatu hajulikani. Jina lisiloitikiwa huwekewa alama ya siku hiyo, na kesho yake huitwa tena.