Mgeni na Jembe Lake

Kila likizo, vijana wa makanisa ya Marekani huvuka mpaka kwenda Mexico kwa wiki moja hivi: wanajenga vyumba, wanapaka rangi, wanacheza na watoto. Nia yao sina shaka nayo. Ninachouliza ni kimoja: kazi kapanga nani?

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hebu angalia, anayetoa jembe hapo ni mwenyeji. Ndiye anayejua wapi pana magugu. Vijana hawa huja na jembe lao, na shamba wameshalichagua.

Mwaka 1968 padri Ivan Illich, aliyekuwa akiishi Mexico, aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliojitolea kwa safari kama hizo: njooni mtazame, njooni mjifunze, lakini msije kusaidia. Na kama ni lazima, basi nendeni kwa maskini anayeweza kuwafukuza. Maneno makali, ila mimi naona ndani yake heshima. Mama ambaye paa lake linavuja atamkataliaje mwenye mabati mapya? Atashukuru tu, hata kama shida yake kubwa ni mume kukosa kibarua.

Kwa hiyo waende. Ila wafike mikono mitupu, waulize kwanza, na wakiambiwa hapana wasinune.