Siku ya Kwanza ya Kiingereza

Katika mtaala ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2024, somo la Kiingereza linaanzia darasa la kwanza. Walimu wangu, nawasihi: siku ya kwanza ya somo hilo daftari libaki mkobani. Mtoto wa miaka sita ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli. Tahajia ya lugha ngeni itamlemea.

Mwalimu aseme kwa Kiingereza “simama”, na yeye mwenyewe asimame. “Kaa”, akae. “Gusa pua”, aiguse. Watoto wafuate kwa vitendo. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, aliijenga njia hii tangu miaka ya 1960: mtoto asikie kwanza, atende, kusema kutafuata. Ndivyo mtoto alivyojifunza lugha ya nyumbani, akitumwa kikombe kabla hajaweza kukitaja. Anayenyamaza asilazimishwe, na asichekwe kamwe! Anayesikiliza naye anajifunza.

Kisha wimbo mfupi wa salamu, wenye makofi. Hata darasa lililofurika, lisilo na vitabu vya kutosha, litauimba.

Nawe mzazi, jioni usimhoji amejua maneno mangapi. Mwombe akuonyeshe mchezo, ucheze naye.