Kuikataa ndoa ya jinsia moja si ruhusa ya kuzuliana

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, tangu Rais Museveni wa Uganda atie saini sheria kali dhidi ya ushoga, Mei 2023, nimelisikia suali moja katika mabaraza ya hapa Pemba: na sisi tunangoja nini? Mbona hatuzipigi marufuku ndoa za jinsia moja?

Anayeuliza hivyo aelezwe kwamba Zanzibar haikungoja. Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada Aprili 2004, na Rais Amani Abeid Karume akautia saini Agosti mwaka ule ule. Anayefunga au kuandaa ndoa ya namna hiyo akawekewa kifungo kisichozidi miaka saba. Ilipokuja Sheria mpya ya Adhabu mwaka 2018, katazo lilibakia. Huko Bara nako, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa ni ya mwanamme na mwanamke.

Wala umma haukugawika. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani iliwauliza Watanzania, na kiasi cha 95 katika kila 100 walisema jamii isiukubali ushoga.

Basi sheria ipo na rai ya umma ipo. Hukumu ya dini nayo kila mtoto wa chuoni anaijua, kwa kisa cha kaumu ya Nabii Lut (AS). Ninalotaka tuulizane ni jengine: hamasa yetu hii inamwangukia nani?

Niliwahi kumsomesha kijana mwenye sauti nyembamba na mwendo wa taratibu. Wenzake wakampachika jina. Jina likatoka darasani, likafika sokoni, likamfikia baba yake. Hapana hata mmoja aliyeona kitu. Kijana akaacha masomo na kisiwa akakihama. Waliolieneza jina lile wapo kati yetu, na baadhi yao husali safu ya mbele. Tuulizane kwa uadilifu: katika kisa hiki, dhambi iliyothibiti ni ya nani?

Suratun Nur, aya ya 4, inamwekea bakora themanini anayemsingizia mtu uchafu bila ya mashahidi wanne, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, anayemtuhumu mtu liwati anaingia katika hukumu hiyo hiyo. Suratul Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote mahali pamoja.

Wanavyuoni wanasimulia kuwa Sayyidna Umar (RA) alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu, umepeleleza, hukupita mlangoni, na hukutoa salamu. Khalifa akamwacha, akaondoka. Ikiwa Umar alinyamazishwa, sisi tunaochungulia madirisha na simu za watu tutajibu nini?

Mwaka 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Alisema amepokea ujumbe kwa maelfu. Serikali ikajitenga na kauli ile. Lakini Muislamu ajiulize: katika maelfu yale, ni wangapi waliokuwa na shahidi mmoja, achilia mbali wanne?

Ndugu zangu, kuamini kwamba jambo ni haramu ni imani. Kumvunjia mtu heshima kwa uvumi nako ni haramu, na hapana sheria ya Baraza inayokuhalalishia. Kupiga watu na kuwafukuza mitaani si kazi yako wala yangu. Kesi ina mahakama, na hata hakimu hahukumu kwa tetesi. Na mzazi mwenye wasiwasi na mwanawe amkalie faragha kwa upole, amuombee dua, wala asimtoe nyumbani. Mlango ukishafungwa, nasaha itapitia wapi?

Tuilinde dini kwa kuanza na ndimi zetu. Allah (SW) atusitiri sote, duniani na Akhera. Amin.

Wallahu aalam.