Moshi Huo Anaubeba Mhudumu

Wanangu wenye baa na migahawa hapa Arusha, jambo hili la sigara ndani ya baa nimelisema Ngarenaro, nikalisema Sakina, nikalirudia Usa River, mpaka sasa mkiniona naingia mnatazamana. Sina hasira nanyi. Nimechoka tu, lakini kuchoka siyo sababu ya kunyamaza.

Jibu lenu ni lile lile: tukimkataza mteja sigara, atahamia kwa jirani. Hofu hiyo naielewa, maana mna kodi ya pango na marejesho ya mkopo. Lakini Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ilitungwa mwaka 2003, na baadhi yenu mlikuwa bado shule ya msingi. Inazuia uvutaji katika maeneo ya umma, na inaruhusu kutenga sehemu ya wavutaji. Haikumfukuza mteja wenu, ilimwonyesha pa kukaa.

Na huyo jirani anabanwa na sheria hiyo hiyo. Mteja huhama pale mmoja anapotii na mwenzake anafumbiwa macho. Basi dai lenu liwe hilo, sheria isimamiwe kwa wote, nami nitakwenda nanyi halmashauri. Wala hatuko peke yetu: Ireland walikataza sigara ndani ya baa nchi nzima Machi 2004. Kabla ya hapo, mwaka 2003, watafiti walipitia tafiti 97 kuhusu mauzo ya baa na migahawa baada ya makatazo ya aina hii. Zile zilizofanywa kwa vipimo makini hazikuona hasara. Zilizodai hasara, nyingi zilikuwa na mkono wa kampuni za tumbaku. Lishikeni hilo, wanangu. Majirani zetu Kenya walitunga sheria yao mwaka 2007, na Uganda mwaka 2015, tena Uganda wakamtaka mvutaji akae mita 50 kutoka eneo la umma.

Jumamosi usiku hebu mtazameni binti anayewahudumia wateja wenu. Kaingia saa kumi jioni, atatoka saa nane usiku. Akiinama kukusanya chupa, uso wake uko juu kabisa ya kisahani cha majivu. Juni na Julai, baridi ya Mlima Meru ikishuka, mnafunga madirisha yote, moshi unakosa pa kutokea. Mteja atavuta mbili tatu, atalipa, ataondoka. Binti anabaki humo, na kesho atarudi humo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wengine. Huyu binti hajawahi kuwasha sigara, na hana ubavu wa kumwambia mteja azime. Ubavu huo mnao ninyi.

Mama wa kibanda anayeuza sigara moja moja, kiberiti kimening'inia kwa kamba, sijamsahau. Katazo la ndani halimnyang'anyi riziki, maana kwake watu huvutia nje. Ila mtoto akitumwa sigara, mama, mrudishe mikono mitupu.

Nanyi wenye baa, mkitenga sehemu ya wavutaji, tengeni kweli. Pazia katikati ya ukumbi halizuii moshi. Wekeni benchi uani, mbali na jiko na mlango, kisahani cha majivu kiwe huko huko. Kisha mwenye baa, wewe mwenyewe, siyo binti, mwendee mteja umwambie: "Kaka, uani kuna nafasi, bia yako tutakutunzia."