Lawama ya Kelele za Mbwa

Mbwa ni rafiki wa kale wa mwanadamu. Katika mwaka 1914 mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu ilifukuliwa katika nchi ya Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel, na wataalamu waikadiria kuwa na umri wa miaka 14,000 hivi. Kabla watu hawajalima shamba wala kufuga ng'ombe, mbwa alikuwa amekwisha kuketi kando ya moto wao. Tangu zama hizo kazi yake moja kubwa imekuwa kupaza sauti ajapo mgeni au adui, na watu walimpenda kwa sauti hiyo. Leo sauti ile ile ndiyo iletayo magomvi baina ya jirani na jirani. Basi yafaa tujiulize: mbwa abwekapo kupita kiasi, lawama ni ya nani, na dawa iliyo ya haki ni ipi?

Kwanza tumfikirie jirani. Mwenye mbwa hupenda kusema, "Ua ni wangu, na mbwa ni wangu." Maneno hayo ni kweli, lakini hayatoshi. Wigo huzuia miguu ya mbwa; hauzuii sauti yake. Ng'ambo ya wigo huenda yuko mgonjwa, au mama anayebembeleza mtoto mchanga, au mwanafunzi ambaye kesho atakaa mbele ya karatasi ya mtihani. Usingizi wao ni mali yao kama kuku wao walivyo mali yao. Mbwa wako akila kuku wa jirani utalipa. Akila usingizi wake, wasemaje?

Je, mbwa mwenyewe ana hatia? Hatia yataka ujuzi wa jema na baya. Mbwa husifiwa usiku kwa kumbwekea mwizi, na asubuhi hupigwa kwa kumbwekea mleta maziwa. Kwake yeye wote wawili ni wageni waliofika langoni. Tena, mleta maziwa aacha maziwa yake akaenda zake, naye mbwa huona kwamba ni ukali wake uliomfukuza. Kesho atabweka zaidi, maana jana alishinda. Hapo hakuna uovu. Pana mtumishi mwaminifu ambaye hakuelezwa mpaka wa kazi yake.

Dalili ya mvua ni mawingu, na kubweka nako ni dalili ya jambo. Katika miji yetu mbwa wengi hufungiwa kibandani tangu alfajiri hata magharibi, nao hufunguliwa usiku tu ili walinde. Kiumbe apendaye kukimbia, kunusa na kuandamana na wenziwe akikaa saa kumi na mbili katika giza la mbao, atafanya nini ila kulia? Mwingine hubweka kwa upweke, mwingine kwa hofu, mwingine kwa njaa au kiu. Yuko aliye na maumivu, na yuko mzee ambaye masikio na akili vimeanza kumpotea. Zaidi ya hayo, sikio la mwanadamu husikia sauti za mitetemo ipatayo 20,000 kwa nukta moja, hali sikio la mbwa hupita mara mbili ya hapo. Umwonapo akibweka mahali ambapo wewe huoni kitu, usiharakishe kumwita mpumbavu.

Wako wasemao kwamba fimbo ndiyo dawa, na kwamba mbwa akipigwa hunyamaza. Hunyamaza kweli, lakini kunyamaza kwa hofu si utii. Hajui amepigwa kwa sababu gani. Ajua tu kwamba bwana wake ni wa kuogopwa. Hofu, ambayo ni chanzo kimoja cha kubweka, imeongezwa badala ya kupunguzwa. Na mbwa aliyefundishwa kwa mapigo kwamba kuonya ni kosa aweza siku moja kuuma pasipo kuonya. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili juu ya wanyama, Sura ya 360, yahesabu kumpiga mnyama kikatili kuwa kosa; lakini hata kama sheria ingenyamaza, haki isingenyamaza. Kumwadhibu asiyejua kosa lake ni kujiondolea hasira tu.

Dawa ya haki huanza kwa kuuliza, nayo huendelea kwa subira. Uangalie mbwa wako hubweka saa ngapi, na kwa ajili ya nani. Kama amefungiwa mchana, mtembeze asubuhi na jioni, mpe maji na kivuli, na umwache acheze uani. Kama huwabwekea wapita njia, ziba upenyo wa lango asiwaone. Kama amebadilika ghafula, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa ugonjwa, pamoja na kichaa cha mbwa, huweza kugeuza mwenendo na hata mlio wake. Usimpigie makelele, maana kwake ni kama kwamba nawe umejiunga katika kubweka. Ngoja anyamaze, hata kwa nukta chache, kisha mpe kipande cha chakula na neno la upole. Kesho ngoja nukta nyingi zaidi. Hivyo hujifunza kwamba kimya kina malipo.

Lakini yuko mbwa ajuaye kwamba akibweka atafunguliwa mlango. Ukiacha kumfungulia, siku za kwanza atabweka zaidi kuliko zamani. Wengi hushindwa hapo. Hufungua mlango kwa kuchoka, na kumbe wamemfundisha kwamba kelele kubwa ndizo zipatazo jibu. Mfungulie anyamazapo, na nyumba nzima ishike kanuni moja. Wakati huo mwende jirani, umweleze ufanyalo na kumwomba uvumilivu. Neno la adabu lililosemwa mapema huzuia mashtaka mengi.

Simwambii mtu amfanye mbwa bubu. Mbwa aonyaye mara chache kisha akatulia ni neema kwa mtaa mzima. Twapunguza kilichozidi, hatuondoi kilichoumbwa.

Basi lawama ni ya nani? Ni ya yule mwenye akili, mwenye ufunguo wa kibanda na mwenye uwezo wa kubadili mambo. Anayeshika mnyororo ameshika na dhima. Wewe, kijana msomaji, huenda humiliki mbwa. Lakini mwaka hadi mwaka utakabidhiwa walio chini yako: wadogo zako, wanafunzi, wafanyakazi, na mwishowe watoto wako. Wengine watapiga kelele kwa kuwa hawana maneno ya kueleza shida zao. Utakuwa na nguvu ya kuwanyamazisha mara moja. Kabla hujaitumia, waulize kwanza wanalia nini.